Gari la bei nafuu kutoka Maskati: uliza kwanza usukani uko upande gani

SIMU inalia baada ya sala ya isha. Ni ami yako aliyeko Maskati. Anasema jirani yake anauza Hiace. Injini ni nzima, viti havijachanika, na bei iko chini sana kuliko ile uliyotajiwa hapa mjini wiki iliyopita.

"Mwanangu, bahati hii usiichezee. Nipe jibu kesho asubuhi," anakwambia.

Familia nyingi za Unguja zinaijua simu ya namna hii, maana ni nadra kukuta mtaa usio na mtu mwenye ndugu Oman au Dubai. Kwa mkulima wa Cheju anayetafuta gari la kupeleka mazao Mwanakwerekwe, au kwa mfanyabiashara mdogo anayetaka kuingia kwenye biashara ya abiria, inaweza kuwa mwanzo wa neema.

Inaweza pia kuwa mwanzo wa hasara. Tofauti hapa huletwa na swali moja ambalo watu wengi husahau kuliuliza: "Ami, usukani wake uko upande gani?"

Oman huendesha kulia, sisi huendesha kushoto. Jambo hilo kila mtu analijua. Lisilofikiriwa sana ni kwamba sheria hiyo haikuandikwa kwenye vitabu vya polisi peke yake. Imo ndani ya gari lenyewe: kwenye usukani, mlango, taa na vioo. Imo pia katika mikono na macho ya dereva. Ukinunua gari lililotengenezwa kwa barabara za wenzetu, umenunua na sheria yao.

Ndugu wa damu, barabara mbali mbali

Unguja na Maskati ziliwahi kuwa chini ya mtawala mmoja. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na baada ya kufariki kwake mwaka 1856 wanawe wakagawana, Thuwaini akabaki Maskati na Majid akashika Zanzibar. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, mwakilishi wa Uingereza nchini India, ukathibitisha mgawanyo huo.

Wakati huo magari yalikuwa hayajagunduliwa. Yalipofika, kila upande ulikuwa umeshachukua njia yake. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, ikafuata desturi ya Waingereza ya kupita kushoto.

Oman ilichelewa kupata barabara. Inaelezwa kwamba Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Barabara nyingi zilizoko leo zimejengwa baada ya hapo, na magari hupita kulia kama ilivyo kwa majirani wake wa Ghuba.

Baada ya mwaka huo watu wengi wenye asili ya Oman walirudi huko kutoka Afrika Mashariki. Waliokuwa wamejifunza kuendesha Unguja au Mombasa iliwabidi wajifunze upya upande wa kupita.

Hata lugha yetu imeibeba sheria hii. Mzunguko wa barabara kama ule wa Michenzani wengi tunauita kipilefti. Neno hilo limetokana na kibao cha Kiingereza kilichokuwa kikimwambia dereva abakie kushoto. Ukienda na neno hilo Maskati utachekwa, maana kule kipilefti huzungukwa kwa kulia.

Hasara inaanzia mlangoni

Turudi kwenye Hiace ya ami. Gari la abiria lililotengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto, kama Japani, huwa na mlango wa abiria ubavu wa kushoto. Likisimama kituoni, abiria huteremkia ukingoni mwa barabara.

Gari la aina hiyo hiyo lililotengenezwa kwa Ghuba mlango wake uko ubavu wa kulia. Lilete Unguja, lisimamishe Bububu kituoni, na mlango utafunguka katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na pakacha la ndizi mkononi atateremka mbele ya gari linalokuja kwa kasi.

Utingo naye atafanya kazi yake yote akiwa upande wa hatari. Abiria si wajinga. Wakishaliona gari hilo mara moja au mbili watasubiri linalofuata.

Kuna mafundi watakaokwambia kwamba mlango unahamishika. Ni kweli, bodi hukatwa na kuchomelewa. Lakini bodi iliyokatwa hupoteza nguvu yake, na hewa ya chumvi ya kisiwani hupenda sana kuanzia kutu pale palipochomelewa.

Kuhamisha usukani ni kazi nzito zaidi. Usukani haukai peke yake. Unafuatana na mfumo wake wa chini, pedali, breki, dashibodi na nyaya. Kosa dogo kwenye breki au usukani halisubiri gereji, hujitokeza barabarani.

Dereva asiyeona mbele

Mkulima asiyebeba abiria anaweza kusema kwamba mlango haumhusu, yeye anataka pikapu ya kubebea mihogo na machungwa. Basi aangalie njia ya kwenda Mahonda na Mkokotoni asubuhi.

Mbele yake liko gari la ng'ombe limebeba kuni, linakwenda kwa mwendo wake. Dereva mwenye usukani wa kulia amekaa upande wa katikati ya barabara. Huchungulia kidogo, akaona kama njia ni nyeupe, akapita.

Dereva mwenye usukani wa kushoto, unaoitwa mitaani lefti hendi, amekaa upande wa mtaro. Mbele yake anaona mgongo wa gari la ng'ombe na mzigo wa kuni tu. Ili aone kinachokuja, inambidi atoe karibu gari zima katikati ya barabara. Akishaona, huenda ameshachelewa.

Ndiyo maana dereva wa gari la namna hiyo humtegemea aliyekaa pembeni yake amwambie "pita" au "ngoja". Siku msaidizi hayupo, au amesinzia kwa kuamka alfajiri, roho za watu wawili watatu hubaki kwenye kubahatisha.

Taa za usiku

Jambo jingine ambalo wanunuzi hulisahau ni taa za mbele. Taa ndogo hazimuliki sawa pande zote mbili. Hutengenezwa zimulike zaidi upande wa ukingo wa barabara, ili dereva aone waenda kwa miguu na baiskeli, na zisimchome macho anayekuja mbele.

Taa za gari la Oman humulika zaidi kulia, kwa sababu kule ndiko uliko ukingo. Hapa kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako. Gari hilo likipita usiku litamtia kiwi dereva wa mbele hata kama umewasha taa ndogo, huku mwenye baiskeli aliye kushoto kwako akibaki gizani.

Wakazi wa shamba wanajua maana yake. Barabara nyingi za Unguja hazina njia ya miguu, na usiku hupitwa na watu, baiskeli na magari ya ng'ombe yasiyo na taa. Dawa yake ni kubadilisha taa zenyewe, uwekewe za nchi inayopita kushoto.

Piga hesabu kabla ya kufurahia bei

Tuchukue mfano wa kubuni, kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme Hiace ya Maskati ikifika Unguja, pamoja na meli na ushuru, itakuwa rahisi kwa shilingi 4,000,000 kuliko ya Japani iliyo sawa nayo.

Kuhamisha mlango na kubadilisha taa, tuseme 1,500,000. Gari litakaa gereji siku 21. Kama lingekuingizia 60,000 kwa siku, umekosa 1,260,000. Siku ya kuliuza, mnunuzi ataona usukani na kukupunguzia, tuseme 2,000,000.

Jumla ni 4,760,000. Ile nafuu ya milioni nne imekwisha, na umeongeza 760,000 kutoka mfukoni kwako. Hapo bado hujaweka ajali hata moja.

Haina maana kwamba kila gari la Ghuba ni baya. Dubai kuna soko kubwa la magari yaliyotumika yenye usukani wa kulia, yanayotoka Japani na kusubiri wanunuzi kutoka Afrika. Kwa hiyo kusikia kwamba gari linatoka Dubai hakutoshi. Yako yanayofaa na yako yasiyofaa, na kuuliza hakugharimu kitu.

Wenzetu walivyolipata somo hili

Sweden ilikuwa ikipita kushoto kama sisi, lakini magari yake mengi yalikuwa na usukani wa kushoto. Kupita gari la mbele kwenye barabara nyembamba kukawa na hatari ile ile tuliyoieleza hapo juu. Mwaka 1955 wananchi walipigia kura suala la kuhamia kulia na wengi wakakataa. Hata hivyo serikali iliendelea na mpango huo, na tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ikahama kwa siku moja.

Gharama kubwa mojawapo ilikuwa milango ya mabasi. Mabasi mengi yalibidi yawekewe milango upande wa pili, mengine yakanunuliwa mapya, na baadhi ya yale ya zamani yakauzwa nchi zinazopita kushoto, Kenya ikiwemo.

Samoa, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, ilifanya kinyume chake. Tarehe 7 Septemba 2009 ilihama kutoka kulia kwenda kushoto. Sababu kubwa ilikuwa biashara. Serikali ilitaka wananchi wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia, New Zealand na Japani. Walibadilisha barabara ili ilingane na magari wanayoweza kuyanunua.

Afrika Magharibi, Nigeria ilihamia kulia mwaka 1972 na Ghana mwaka 1974, kwa kuwa majirani zao walikuwa wakipita kulia. Sisi hatuna haja hiyo. Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji zote hupita kushoto, na Japani tunakonunua magari mengi pia ni kushoto. Tumekaa pazuri kibiashara, mradi tusijiharibie wenyewe kwa kununua gari lisilolingana na barabara.

Lori linalovuka Rusumo

Wanaotuma mizigo bara na nchi jirani wana mtihani wao. Lori lililopakia Dar es Salaam kwenda Kigali hupita kushoto mpaka Rusumo. Likishavuka daraja la mto Kagera, linaingia Rwanda na kupita kulia. Burundi na Congo nako ni kulia.

Mpaka huo wa upande wa kupita ni alama ya ukoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji. Kila mtawala aliacha desturi yake barabarani.

Kwa Bujumbura na Goma tatizo letu lipo kinyume. Wanapita kulia, lakini magari mengi yaliyojaa barabarani ni ya Japani yenye usukani wa kulia. Dereva wao naye amekaa upande wa mtaro.

Lori la kwetu likivuka Rusumo linakuwa katika hali hiyo hiyo. Mwenye mzigo asimbane dereva kwa muda. Dereva anayeharakishwa ndiye anayelazimisha kupita mahali asipoona.

Desturi zisizoandikwa

Kila nchi ina lugha yake ya barabarani isiyo kwenye kitabu. Huku kwetu, lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia wakati halikati kona, dereva wake anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anakuambia njia ni nyeupe. Palipo na matawi ya miti barabarani ujue mbele kuna gari limeharibika.

Kwa anayepita kulia, indiketa ya upande wa katikati ni ya kushoto. Ukienda na tafsiri ya nyumbani, utaelewa kinyume. Na hata hapa nyumbani, ishara ya mwenzako ni msaada tu. Macho yako ndiyo ya kutegemewa.

Oman, gari likikuwashia taa kwa nyuma kwenye barabara kuu, mara nyingi linataka uhame njia ya haraka. Mwendo wa barabara hizo kuu unafika kilomita 120 kwa saa, na kamera hupiga picha bila kuonekana askari. Huku Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa magari mazito.

Wanyama nao wana sehemu yao. Oman vibao huonya kuhusu ngamia. Unguja, ukipita Jozani, matuta yamewekwa ili magari yapunguze mwendo na kuwanusuru kima punju wanaovuka barabara.

Na ndani ya Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambako gari halipiti, sheria ni ya adabu. Hamali mwenye mkokoteni akisema "simile, simile", unampisha upande wowote wenye nafasi. Hapo hakuna kushoto wala kulia. Ukitoka nje ya vichochoro, adabu hiyo peke yake haitoshi.

Kijana anayekwenda kazini Oman

Vijana wanaopata kazi ya udereva Ghuba wajue kwamba hatari kubwa haiko kwenye foleni za mjini. Kwenye foleni unawafuata wengine. Hatari iko alfajiri barabara ikiwa tupu, au unapotoka kituo cha mafuta peke yako. Hapo mkono hurudi kwenye mazoea, ukajikuta umeingia kushoto na magari yanakujia usoni.

Kwenye kipilefti, hapa tunampisha anayetoka kulia. Kule wanaopishwa ni walioko ndani ya mzunguko, nao hutokea kushoto kwako. Hata kuvuka kwa miguu kunabadilika. Nyumbani tunatazama kulia kwanza, kule gari la karibu hutokea kushoto.

Wiki ya kwanza kijana akae na dereva mzoefu pembeni. Kama mwajiri hataki kumpa muda huo, audai kwa upole lakini audai.

Mgeni na pikipiki ya kukodi

Wako pia Wazanzibari ambao hawasafiri, lakini wanakutana na tatizo hili kila siku. Ni wale wanaokodisha pikipiki na magari kwa watalii wa Nungwi, Paje na Jambiani.

Mtaliana, Mfaransa au Mjerumani amezoea kulia tangu kuzaliwa. Akipewa funguo na kuambiwa "karibu", ataendesha vizuri mpaka kona ya kwanza isiyo na gari jingine. Akigonga, anaumia yeye, anaumia mwanakijiji, na chombo chako kinabaki kituo cha polisi.

Dakika kumi za maelezo ni rahisi kuliko spea. Bandika mshale mwekundu wa kushoto kwenye usukani au kioo. Mzungushe uwanjani kwanza, mwonyeshe kipilefti, umwambie atazame kulia. Hakikisha ana kibali cha kuendesha kinachotambuliwa Zanzibar, maana leseni ya kwao peke yake huweza kumletea usumbufu kwenye vizuizi. Na usome bima yako kama inamhusu mgeni.

Kabla ya kutuma fedha

Mnunuzi wa gari la nje afanye haya:

1. Ombwe picha nne: usukani, mlango wa abiria ukiwa wazi, taa za mbele na gari zima kwa ubavu. Neno la mdomo lisikutoshe, hata kama ni la ndugu.

2. Uliza ofisi inayosajili magari kama gari la aina hiyo litakubaliwa kwa kazi unayoitaka, hasa kubeba abiria.

3. Uliza ofisi za kodi ushuru wa gari hilo kabla halijapakiwa melini. Kama una nia ya kulipeleka bara baadaye, uliza na hilo. Usajili wa Zanzibar na wa Tanzania Bara ni mbali mbali.

4. Ulizia bei za taa na vioo vya upande wetu kabla ya kununua, wala usisubiri gari lifike.

5. Kama tayari unalo gari la usukani wa kushoto, badilisha taa, weka kioo kikubwa cha pembeni, na usipite gari la mbele bila msaidizi au bila njia kuonekana yote.

Asubuhi ya siku ya pili, ami anapiga tena simu. Usione haya kumuuliza. Hakuna mzazi atakayekasirika kwa swali la namna hii, na huenda naye hakulifikiria, kwa sababu amezoea barabara za huko.

"Ami, shikamoo. Gari nimelipenda. Lakini mlango wake unafungukia upande gani?"

Akikujibu kwamba ni kulia, mshukuru na umwombe akutafutie jingine. Magari bado yako mengi. Yule mama mwenye pakacha la ndizi pale Bububu anataka kuteremka ukingoni.